Shajara ya mradi: utaratibu wa kutatua malalamiko ya wenye nyumba dhidi ya makandarasi wa paa wenye leseni

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya kikundi chochote cha wakazi, chama cha walaji au ofisi ya ushauri inayotaka kuwasaidia wenye nyumba ambao mapaa yao yameezekwa au kukarabatiwa na mkandarasi mwenye leseni, kisha kazi hiyo ikazaa mgogoro. Sisi ni kikundi cha kujitolea: yumo mhandisi wa majengo, mhasibu, fundi wa paa aliyestaafu, na mimi ninayetunza majalada na kuandika haya. Tulianza na malalamiko yaliyokuwa yamekaa muda mrefu bila jibu, na nia yetu ilikuwa kupata utaratibu ambao mtu asiye na wakili anaweza kuufuata tangu siku anapoona doa darini hadi siku jalada linapofungwa. Majina ya wahusika wote yameachwa nje kwa makusudi.

Februari 2024: Leseni hukaguliwa kabla ya paa

Kuyasoma malalamiko na kuyapanga hakukuwa kazi ngumu, kwani karibu yote yalihusu kuvuja, vifaa visivyolingana na vilivyokubaliwa, kazi iliyotelekezwa au malipo. Kilichotushughulisha zaidi ni leseni yenyewe. Wenye nyumba walikuwa na hakika kwamba mkandarasi wao anatambuliwa kisheria, kwa kuwa waliona namba kwenye kadi yake au ubavuni mwa gari lake. Lakini tulipoilinganisha namba hiyo na daftari la mamlaka ya leseni, tulikuta jalada ambalo jina la mwenye leseni lilikuwa tofauti na la aliyetia saini mkataba, jingine ambalo leseni ilikuwa hai siku ya lalamiko lakini ilikuwa imekwisha muda siku ya mkataba, na jingine ambalo leseni ilikuwa ya aina ya kazi isiyohusu paa hata kidogo.

Kila moja ya hali hizo hubadilisha njia ya kupita. Mamlaka ya leseni ina nguvu juu ya yule iliyemsajili, kwa hiyo leseni ikiwa imeazimwa, mwenye leseni na aliyeitumia wote wanapaswa kutajwa, na maelezo ya nani alikuwa juu ya paa huwa ushahidi wa kwanza. Tumeweka sharti kwamba ukurasa wa kwanza wa kila jalada uwe nakala ya daftari la leseni yenye tarehe ya kuchapwa, ukionyesha hali ya leseni siku ya kutia saini, siku kazi ilipoanza na siku ilipokabidhiwa. Gharama yake ni ndogo sana, na ndiyo hatua ambayo watu huiruka zaidi.

Aprili 2024: Fomu ya kwanza haikufaa

Fomu tuliyoanza nayo ilikuwa na nafasi kubwa chini ya maneno "Eleza tatizo lako". Tulipata kurasa za uchungu wa kweli, zilizosimulia simu zisizopokelewa, ahadi za "kesho nakuja" na magodoro yaliyoloa, lakini hazikumwezesha mtu ambaye hajafika katika nyumba hiyo kujua maji yanaingilia wapi. Mkandarasi aliyetumiwa maelezo ya aina hiyo alijibu kwa maelezo ya aina hiyo hiyo, na jalada likawa mabishano juu ya nani alimdharau mwenzake.

Tatizo la msingi ni kwamba doa la dari halionyeshi mahali pa tundu. Maji yakishapenya chini ya bati au kigae, hufuata papi (ubao unaopigiliwa bati) au mguu wa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), huteremka mpaka yakutane na msumari, kifundo cha ubao au ukingo wa dari, na hapo ndipo hudondoka. Inaweza kuwa mita kadhaa kutoka yalipoingilia. Mwenye nyumba akiandika kwamba paa linavuja juu ya chumba cha watoto, mkandarasi akapanda, akaangalia juu ya chumba cha watoto na asione kitu, kila mmoja huondoka akiamini kwamba mwenzake anasema uongo.

Fomu ya pili iliondoa nafasi ile kubwa na kuuliza mambo yanayoweza kuonekana: doa liko wapi kwa kipimo kutoka kuta mbili za chumba, lilionekana baada ya mvua ya namna gani, ya upepo au iliyoshuka wima, upepo ulitoka upande gani, maji yalianza kudondoka muda gani baada ya mvua kuanza, na kama yaliendelea mvua ilipokatika. Kila picha inapigwa mara mbili, moja ya mbali inayoonyesha chumba kizima na moja ya karibu yenye futikamba ndani ya picha. Maelezo ya uchungu bado yana nafasi yake, katika ukurasa wa mwisho, kwa sababu yanasaidia wakati wa upatanishi.

Swali lililobadilisha majalada zaidi ya nilivyotarajia ni hili: je, matone hutokea hata siku isiyo na mvua? Bati hupoteza joto upesi usiku wenye anga wazi, likapoa kuliko hewa iliyo chini yake, na unyevu wa nyumba ukageuka matone kwenye upande wa chini wa bati na kudondoka alfajiri. Mwenye nyumba huona maji na kulalamika kuhusu uvujaji, ilhali hakuna tundu lolote. Hapo swali kwa mkandarasi ni kama mkataba ulimtaka aweke tabaka la kuzuia joto na matundu ya kupitisha hewa chini ya paa, na kama alimshauri mwenye nyumba pale vitu hivyo vilipoachwa. Ni dai tofauti kabisa, na dawa yake ni tofauti. Kuziba misumari hakutalimaliza.

Juni 2024: Jaribio la maji, na jinsi lilivyokwenda kombo

Tulikubaliana kwamba lalamiko la kuvuja lisiende kwa mkandarasi bila jaribio, au angalau bila pendekezo la jaribio. Paa la kwanza lilitupa somo ghali. Mpira wa maji ulipelekwa moja kwa moja kwenye kofia ya paa, yaani kipande kinachofunika kilele chake, kwa kuwa hapo ndipo mwenye nyumba alipopashuku, na baada ya muda mfupi maji yalidondoka ndani. Mkandarasi, aliyekuwepo, aliuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: maji yaliyomwagwa juu yameteremka yakapita kila maungio hadi kwenye gata (mfereji wa ukingoni), sasa mnajuaje kwamba kasoro iko kwenye kofia na si mahali pengine njiani? Alikuwa na haki. Siku nzima ya kazi ya mhandisi na fundi ilipotea, na kurudia kulibidi kusubiri mpaka mbao na dari zikauke, kwani huwezi kusoma jaribio jipya juu ya dari iliyokwisha kuloa.

Tangu hapo jaribio huanza chini na kupanda. Sehemu ya chini kabisa huloweshwa peke yake kwa dakika 15 hadi 30, huku mtu mmoja akiwa ndani juu ya dari na tochi na saa, kisha sehemu inayofuata, na hivyo hivyo hadi juu. Maungio ya paa na ukuta, bonde la paa (mahali miteremko miwili inapokutana), bomba lililotoboa bati na kofia kila kimoja hupata zamu yake. Maji humwagwa kama mvua inavyoanguka. Yakielekezwa kwa nguvu kutoka chini kwenda juu yataingia hata katika maungio yaliyofanywa vizuri, na jaribio la namna hiyo halimtendei haki mkandarasi.

Mapaa bapa ya zege yana jaribio lake. Njia za maji huzibwa, paa hufurikishwa kwa kina kidogo, na huachwa kwa saa 24 au zaidi huku alama ya kiwango cha maji ikiangaliwa. Hapa naomba kila atakayeiga kazi hii asome kwa uangalifu: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ina uzito wa kilo 1. Paa la mita 10 kwa 8 likijazwa maji ya milimita 50 limebebeshwa tani 4. Hakuna mtu wa kikundi chetu anayeruhusiwa kufanya jaribio hilo bila mhandisi kuthibitisha kwa maandishi kwamba paa linaweza kuubeba mzigo huo, na paa likiwa na nyufa za kimuundo jaribio halifanyiki kabisa.

Mkandarasi hualikwa kila mara, kwa barua, na tarehe mbili za kuchagua. Akiwepo na kuona mwenyewe tone likishuka dakika chache baada ya bonde la paa kulowa, nusu ya mgogoro huisha palepale. Asipokuja, mwaliko wake unabaki ndani ya jalada.

Julai 2024: Usalama

Mwenye nyumba hapandi juu ya paa lake kutafuta ushahidi. Picha hupigwa kutoka ngazi iliyoshikwa na mtu, kwa fimbo ndefu, au na fundi mwenye mkanda wa usalama. Mabati ya zamani yenye asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, hayatobolewi wala kukatwa kwa sababu yoyote ya ukaguzi.

Septemba 2024: Barua ya notisi imeandikwa upya

Barua zetu za mwanzo zilikuwa na ukali uliokuwa na sababu, na karibu zote zilileta ukimya au majibu ya wakili. Mhasibu wetu ndiye aliyeona kasoro: barua zilisema mkandarasi ni mtu wa namna gani, lakini hazikusema anatakiwa kufanya nini, wapi na kabla ya lini. Mtu aliyeshutumiwa bila kupewa njia ya kutoka hujitetea.

Barua ya sasa ina ukurasa mmoja na viambatisho. Inataja mkataba na tarehe yake. Inaeleza kasoro kama ilivyopimwa, kwa mfano kwamba mabati yamepishana milimita 90 mahali ambapo maelekezo ya mtengenezaji yanataka milimita 150 kwa mteremko huo. Inataja kifungu cha mkataba au maelekezo hayo. Inaomba dawa inayolingana na chanzo. Inatoa tarehe ya kufika na tarehe ya kumaliza. Na inaeleza jinsi kazi itakavyojaribiwa kabla ya kupokelewa. Hupelekwa kwa njia inayotoa stakabadhi ya kupokelewa, kwa sababu barua isiyoweza kuthibitishwa kwamba ilifika haina msaada mbele ya mamlaka wala mahakama.

Maneno kuhusu dawa inayolingana na chanzo yaliongezwa baada ya jalada moja kurudi kwetu mara kwa mara. Mkandarasi alikuwa mwepesi wa kuitika, akija kila alipoitwa na kupaka silikoni juu ya vichwa vya skrubu, na kila aliporudi mwenye nyumba alitia saini kwamba kasoro imeondolewa. Chanzo kilikuwa skrubu zilizokazwa kupita kiasi hadi mpira wake ukapasuka, nyingine zikiwa zimepigwa upande na hazikukamata papi. Bati hutanuka kwa jua na kujikunja kwa baridi kila siku, na silikoni iliyopakwa juu ya kiungo kinachotembea huachia. Dawa ilikuwa kung'oa skrubu hizo, kuziba matundu yaliyoharibika na kupiga nyingine kubwa zaidi penye papi. Saini zile za awali zilimgharimu mwenye nyumba mwezi mzima wa mabishano, maana mkandarasi alikuwa na karatasi zinazosema kwamba kazi imepokelewa.

Wengi wametuuliza kwa nini tunasisitiza mkandarasi apewe nafasi ya kurekebisha, ilhali imani imekwisha. Sababu ni kwamba mikataba mingi, na sheria za mahali pengi, humpa haki hiyo, hasa ndani ya muda wa matazamio, yaani kipindi baada ya makabidhiano ambacho bado anawajibika kwa kasoro. Mwenye nyumba akileta fundi mwingine kabla ya notisi, ushahidi hufumuliwa pamoja na mabati, na mkandarasi hupata hoja kwamba kasoro iliyopo imeletwa na yule wa pili. Hilo halimzuii mtu kuilinda nyumba yake. Turubai likifungwa, ndoo zikiwekwa na vitu vikihamishwa, huo ni wajibu wa kupunguza hasara, na gharama zake zikitunziwa risiti zinaweza kudaiwa. Picha zipigwe kabla turubai halijafunika kitu.

Novemba 2024: Fedha zilizozuiwa

Eneo hili limetuletea hasara kuliko mengine yote. Mwenye nyumba anayeona paa likivuja huzuia malipo yote yaliyobaki, na kwa kufanya hivyo hugeuka kutoka mdai kuwa mdaiwa. Katika jalada moja kasoro ilikuwa ya bonde moja la paa, lakini kilichozuiwa kilikuwa zaidi ya theluthi ya bei ya mkataba. Mkandarasi alishindwa kumlipa muuza mabati, akafungua madai ya fedha zake, na hoja ya bonde la paa ikasikilizwa baada ya hoja ya deni. Mahali pengine, kama majimbo ya Marekani, muuza vifaa au kibarua ambaye hakulipwa anaweza hata kuandikisha dai juu ya nyumba yenyewe, ingawa mwenye nyumba hakuwahi kuwa na mkataba naye.

Utaratibu wetu sasa ni kuzuia kiasi kinacholingana na gharama ya kurekebisha, ikikadiriwa kwa maandishi na mafundi wawili wasiohusiana na upande wowote, na kumweleza mkandarasi kiasi hicho, sababu yake na tukio litakalofanya kiachiliwe. Mkataba ukiwa na kifungu cha sehemu ya malipo inayoshikiliwa hadi mwisho wa matazamio, kifungu hicho ndicho kinachofuatwa na hatuongezi kingine juu yake. Kabla ya malipo ya mwisho tunaomba pia uthibitisho kwamba wauza vifaa na vibarua wamelipwa.

Kuna mkanganyiko mwingine unaostahili kuandikwa kwa kirefu, nao ni wa waranti. Mwenye nyumba huonyesha karatasi ya mtengenezaji inayoahidi miaka mingi, akidhani imelifunika paa zima. Karatasi hiyo kwa kawaida huhusu bati au kigae chenyewe, kama vile kutu, rangi au kupasuka, na huacha nje ufungaji. Tena huweza kubatilika kabisa ikiwa bati limewekwa kwenye mteremko ulio chini ya kiwango cha mtengenezaji. Waranti ya kazi ni ahadi ya mkandarasi, ina muda wake mfupi zaidi, na kama haikuandikwa kwenye mkataba ni lazima itafutwe katika sheria. Tumeweka safu mbili katika jalada, moja ya vifaa na moja ya kazi, na kila kasoro huingia katika safu moja kabla ya barua kuandikwa.

Dhamana ya leseni, yaani kiasi kinachowekwa ili kuwalipa wanaodhurika na makosa ya mwenye leseni, nayo hueleweka vibaya. Jimbo la California nchini Marekani huwataka makandarasi wenye leseni kuweka dhamana ya dola 25,000 tangu Januari 2023, na ni mfano mzuri kwa sababu unaonyesha mpaka wake: kiasi hicho ni cha leseni nzima, si cha kila nyumba, hivyo wadai wakiwa wengi hugawana. Anayekuja akiwa amechelewa anaweza kukuta kimekwisha.

Februari 2025: Upatanishi

Vikao vya kwanza tulivifanya sebuleni kwa mwenye nyumba, chini ya dari lenye madoa, na vilikuwa vizito kupita kiasi. Kibaya zaidi ni kwamba mhandisi wetu alikuwa amepima paa na sasa ndiye aliyeongoza mazungumzo. Mkandarasi mmoja alikataa kuendelea, akasema hawezi kupatanishwa na shahidi wa upande wa pili, na tulipolitafakari jambo hilo hatukuona njia ya kumpinga. Aliyepima hapatanishi, aliyepatanisha hatoi ushahidi baadaye. Kwa kikundi kidogo sharti hili ni mzigo, na tumelazimika kuomba mpatanishi kutoka kikundi kingine na kuwapa mhandisi wetu kwa majalada yao.

Tuliisoma ISO 10002 ya mwaka 2018, hati ya shirika la kimataifa la viwango inayotoa mwongozo wa jinsi taasisi inavyopokea na kushughulikia malalamiko ndani yake, pamoja na mwenzake ISO 10003 ya mwaka huohuo, inayohusu migogoro iliyoshindikana ndani na kupelekwa nje. Zimetusaidia hasa katika kupanga hatua: lalamiko kwanza lipite kwa mkandarasi mwenyewe, kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua, kabla halijaja kwetu. Makandarasi wengi wadogo hawana mtu wa kupokea malalamiko zaidi ya msimamizi yuleyule anayelalamikiwa, na kwao tunaomba barua iende kwa mwenye kampuni.

Vikao sasa huanzia kwenye paa, si mezani. Pande zote huangalia kwa pamoja, au huangalia picha kwenye skrini kubwa kama kupanda si salama, na kutia alama kwenye mchoro mmoja yale wanayokubaliana kuwa wanayaona, bila kusema ni kosa la nani. Baada ya hapo tu ndipo watu huketi. Orodha ya mambo yaliyokubaliwa hushangaza kila mara kwa urefu wake, na ubishi uliobaki huwa juu ya mambo mawili: nani atalipia dari, rangi na vyombo vilivyoharibika, na itajulikanaje kwamba marekebisho yamefaulu.

Makubaliano yaliyovunjika yalikuwa na kasoro ileile: yaliandika kwamba mkandarasi "atarekebisha uvujaji" na kuishia hapo. Fomu mpya hutaja chanzo, kazi, aina ya vifaa, tarehe, jaribio la kupokea, anayelipia uharibifu wa ndani, na kitakachofuata jaribio likishindwa. Ina pia sentensi kwamba kukubali kurekebisha si kukiri kosa. Sentensi hiyo imefungua milango mingi, kwa kuwa mkandarasi mwenye leseni huogopa zaidi kumbukumbu mbaya kwenye daftari kuliko gharama ya mabati machache.

Mei 2025: Lalamiko mbele ya mamlaka ya leseni

Majalada yaliyoshindikana tuliyapeleka kwa mamlaka ya leseni, na la kwanza lilirudishwa. Tulikuwa tumetuma kila kitu, picha kwa mamia na ujumbe wote wa simu, na jibu lilikuwa fupi: mgogoro wa mkataba, nje ya uwezo wetu. Niliposoma upya nilielewa. Mamlaka haikuulizwa swali inaloweza kulijibu. Kazi yake ni kuangalia kama mwenye leseni amekiuka masharti ya leseni, kwa mfano kuitelekeza kazi bila sababu, kukiuka viwango vya ujenzi, kuchukua malipo ya awali kupita kinachoruhusiwa, kuazimisha leseni au kughushi nyaraka. Inaweza kuonya, kutoza faini, kusimamisha au kufuta leseni. Kumwamuru mkandarasi amlipe mwenye nyumba ni jambo ambalo mamlaka nyingi hazina uwezo nalo, na anayetaka fedha huhitaji njia nyingine sambamba: mahakama ya madai madogo, usuluhishi wenye uamuzi unaofunga pande zote, bima, au mfuko wa fidia pale ulipoanzishwa kisheria, kama ule wa jimbo la Arizona, Marekani, kwa wenye nyumba za makazi.

Jalada lilitumwa tena likiwa na ukurasa mmoja mbele, wenye safu tatu: sharti la leseni, tukio na tarehe yake, na namba ya kiambatisho kinachothibitisha. Lilipokelewa. Ukurasa huo huchukua muda mwingi kuuandaa kuliko jalada lote, na nashauri uandaliwe na mtu ambaye hakuwahi kukutana na mlalamikaji, kwa sababu ataona haraka tukio lisilo na uthibitisho.

Muda wa ukomo, yaani siku ya mwisho ya kuwasilisha lalamiko au dai, ulitupotezea jalada moja kabisa. Saa huanza kuhesabu mahali tofauti na kwa urefu tofauti. Mamlaka ya makandarasi ya California kwa kawaida hupokea lalamiko ndani ya miaka 4 tangu kitendo kinacholalamikiwa, ya Arizona ndani ya miaka 2, na nchini Ufaransa mjenzi huwajibika kwa miaka 10 tangu kazi kupokelewa kwa uharibifu mzito unaoifanya nyumba isifae kwa matumizi yake, mbali na mwaka 1 wa kurekebisha kasoro zote zilizoripotiwa. Mazungumzo ya kirafiki na mkandarasi hayaisimamishi saa hiyo isipokuwa sheria ya mahali iseme hivyo. Tarehe ya ukomo sasa imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye jalada siku linapofunguliwa, na upatanishi hauruhusiwi kuikaribia.

Oktoba 2025: Kufunga jalada, na malalamiko yasiyo na msingi

Zamani tulifunga jalada fundi alipoteremka. Baadhi yalifunguliwa tena mvua za kwanza ziliponyesha. Sasa kuna kupokelewa kwa awamu mbili: jaribio la maji mara baada ya kazi, likifuata mpangilio uleule wa kutoka chini kwenda juu, kisha ukaguzi baada ya mvua kubwa ya kweli, kwani mpira wa maji hauwezi kuiga upepo. Fedha zilizozuiwa huachiliwa kwa sehemu katika awamu ya kwanza na kumaliziwa katika ya pili. Makandarasi hawakuupenda mpango huu mwanzoni. Waliukubali tulipoongeza kikomo, kwamba ikipita miezi iliyokubaliwa bila mvua ya kutosha, fedha hulipwa na waranti ya kazi huendelea kusimama.

Ni lazima pia niandike kuhusu majalada tuliyomrudishia mwenye nyumba. Gata zilizoziba majani kwa miaka, tenki lililowekwa na fundi mwingine juu ya bati, antena au paneli za sola zilizopigwa skrubu katikati ya bonde la paa baada ya makabidhiano: kwa hayo mkandarasi wa paa hawezi kulaumiwa, na kumfuatilia ni kumdhulumu mtu ambaye leseni yake ndiyo riziki yake. Mmoja wa walalamikaji alikasirika sana tulipomwambia hivyo. Tulimwonyesha picha za siku ya makabidhiano, ambazo mkandarasi alikuwa amezitunza vizuri kuliko yeye.

Jalada hilo ndilo lililotupa kazi inayoendelea sasa. Tunaandaa kiambatisho cha mkataba cha kutiwa saini kabla kazi haijaanza, chenye picha za lazima katika hatua ambazo baadaye hufunikwa: kenchi na papi kabla ya mabati, bati la kuziba maungio ya paa na ukuta kabla ya plasta, na bonde la paa kabla ya vigae. Rasimu iko kwa makandarasi wawili waliokubali kuijaribu kwenye nyumba zinazojengwa. Mmoja ameomba sehemu ya tabaka la kuzuia joto iongezwe, nasi tumeiongeza. Mwingine anataka picha zitunzwe na pande zote mbili siku ileile zinapopigwa, na hilo bado tunalitafutia njia rahisi ambayo mwenye nyumba asiye na kompyuta ataiweza.